Treni Iliyosimama Uani kwa Sultan

Siku treni ilipofika, Mzee Sultan alikuwa dukani anapima sukari. Nyuma ya pazia, mkewe, Bi Bahiya, alikuwa amejinyoosha mkekani baada ya kuosha vyombo vya mchana, feni inamgeukia na kumwacha, inamgeukia na kumwacha. Ilikuwa saa ile ambayo mtaa wao wa Mtoni hupunguza sauti. Mafundi cherehani huinamia vitambaa na kusinzia, wauza mitumba hulala juu ya mitumba yao, na mteja akiingia dukani hunong'ona kama amekuja kumtazama mgonjwa.

Bi Bahiya aliamka akakuta masizi kwenye foronya. Akayakung'uta, akajifunga khanga vizuri, akatoka hadi kaunta.

"Baba Rumaisa," akasema, "nimeota."

Kwa watu wao, anayeambiwa neno hilo hujibu "Kheri" papo hapo, kabla hajajua kilichootwa ni harusi au nyoka. Ndoto inakuwa bado haijaamua ielekee wapi, na jibu la kwanza ndilo linaloionyesha njia. Ndiyo maana mwenye akili haropoki ndoto yake kwa kila mtu, wala hamwambii mtu mwenye kitu mdomoni. Lakini Bi Bahiya alikuwa ameolewa miaka mingi, na miaka yote hiyo akiamka humwambia mtu huyo huyo. Hakutazama kwanza. Mzee Sultan alikuwa amebana uzi wa nailoni kwa meno, ule wa kufungia vifuko vya sukari, na mikono yote miwili ilikuwa kazini.

"Mm," akasema.

"Nimeota treni. Ile ya Mbeya. Imekuja taratibu, ikasimama hapo uani, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo."

Mzee Sultan akafunga kifuko, akautoa uzi mdomoni. Sasa neno lingeweza kutoka. Lakini alikuwa ameshasikia "Mbeya". Akachukua kifuko kingine.

Mbeya ndiko alikokuwa Rumaisa, binti yao wa pekee. Alikuwa amependana na Gibson, fundi umeme wa Tukuyu aliyekuja kuweka waya mpya dukani. Gibson alisilimu, akajifunza kusali kwa bidii kuliko wengi waliozaliwa katika dini, akaitwa Azzam. Mzee Sultan alisema jina limesilimu vizuri sana, ila ukoo bado ni ule ule wa bara. Babu yake mwenyewe alishuka bandarini na jozi moja ya viatu, tena ya kuazima, lakini hilo halikutajwa. Akakataa kuwa walii wa kumwozesha bintiye. Kadhi akawaozesha, na jioni ile Mzee Sultan akamwambia mkewe, mbele ya jirani aliyekuja kuazima mwiko: "Ukikanyaga kwa Rumaisa, au ukiongea naye kwa simu, umeachika."

Talaka ya sharti ikishatamkwa haipoi kama chai. Bi Bahiya alifuta namba. Habari kwamba amepata mjukuu alizipata kwa mteja wa sabuni.

Jirani wa mwiko alikuwa Bi Chausiku, muuza vitumbua, ambaye mtaa mzima ulimpelekea ndoto zake. Asubuhi iliyofuata Bi Bahiya alimkuta anageuza vitumbua.

"Treni ina njia zake, shoga," Bi Chausiku akasema bila kuinua macho. "Ukiipanda, safari. Ukiikimbilia ikakuacha, jambo limekupita, kaa kitako utulie. Ikipita bila kusimama, hizo habari za watu, hazikuhusu. Ya kwako imefanyaje?"

"Imesimama uani kwangu."

"Basi ni mtu wako anakuja. Tena kashafika. Ulimwambia nani kwanza?"

"Baba Rumaisa."

"Akajibu Kheri?"

"Alikuwa na uzi mdomoni."

Bi Chausiku akaacha kitumbua kimoja kiungue. "Aa, Bahiya. Sasa hiyo treni itaondokaje?"

Haikuondoka. Mchana ule Bi Bahiya alipolala aliikuta pale pale, ndefu, mabehewa ya nyuma yakiwa yamepita ukuta wa jirani bila kuubomoa. Kwenye dirisha la behewa la tatu alikaa Rumaisa, amempakata mtoto wa kike mwenye nywele zilizosukwa vizuri.

"Mama, umekonda."

"Ni joto tu. Mbona hushuki?"

Mkaguzi wa tiketi, mtu mpole mwenye kofia kubwa kuliko kichwa, ndiye aliyeeleza. Abiria wanaopita wanaweza kushuka wakanyoosha miguu. Ila yule ambaye safari yake inaishia hapa anasubiri mwenye uwanja amkaribishe. "Na mwenye uwanja, mama, hajajibu."

"Baba anafanya nini?" Rumaisa akauliza.

"Anapima sukari."

Rumaisa akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bahari ina chumvi. Kisha akamtoa mtoto kupitia dirishani, Bi Bahiya akampokea. Mtoto alinukia mafuta ya nazi na ndizi mbivu. Aliitwa Tupokigwe, jina la mama yake Gibson.

Alipoamka, mikono ilikuwa imekunjwa kifuani na mafuta ya nazi yamempakaa shavuni. Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Alikuwa ameongea na Rumaisa. Je, bado ni mke wa mtu? Akakaa mbali na mumewe mpaka Bi Chausiku alipokwenda kumuuliza maalimu wa madrasa na kurudi akihema.

"Kasema aliyelala haandikiwi kitu mpaka aamke. Tena kiapo chenyewe kilihusu simu na nyumba ya Rumaisa. Ulikuwa kwa Rumaisa?"

"Nilikuwa uani kwangu."

"Basi kalale, mwanamke. Usipoteze muda kwangu."

Tangu hapo Bi Bahiya hakuchelewesha tena chakula cha mchana.

Abiria nao walianza kushuka. Walitokea nyuma ya pazia, wakipita pembeni ya Bi Bahiya kwa vidole vya miguu wasimwamshe, na kuingia dukani wakifikicha macho. Mzee Sultan aliwauzia kama alivyowauzia wengine.

"Shikamoo, mzee. Hapa wapi?"

"Marahaba. Mtoni."

"Tutakaa sana?"

"Mie nitajuaje? Treni yenu hiyo."

"Basi nipe biskuti. Na kama una mahali pa kuchaji simu."

Waliingia na matope ya Makambako, wakasahau kufuta miguu, na mmoja aliyebeba jogoo alisababisha ugomvi na paka wa duka. Mzee Sultan alilalamika juu ya matope na juu ya jogoo. Juu ya treni hakulalamika. Mkewe alipomuuliza kama magurudumu yanaharibu sakafu ya uani, akasema sakafu ile ilihitaji kusakafiwa upya hata hivyo.

Siku moja mama mmoja wa Ifakara aliomba halua. "Si yangu," akasema. "Nimeagizwa na dada mmoja wa behewa la tatu. Kasema ile ya hiliki nyingi, unaijua."

Mzee Sultan aliijua. Alikuwa ameacha kuiweka dukani tangu Rumaisa aondoke, kwa sababu, alivyowaeleza wateja, iliwavutia sisimizi. Alimwambia mama yule arudi kesho. Kesho yake halua ilikuwepo, na alipoifunga akaongeza na udi kidogo, bila kuombwa. Akavuta uzi, akafunga fundo mara mbili.

Bi Chausiku aliyaona hayo. Alikuwa na tabia ya kununua chumvi saa ambazo hana haja nayo.

"Mzee Sultan, mie nakwambia kitu usikasirike. Maalimu kasema kile kiapo kama ulikuwa unamtisha tu, hukukusudia kuacha, lishe maskini kumi kifutike. Sahani kumi za wali. Hata leo."

"Maskini kumi nitawapata wapi?"

"Hapa Mtoni? Haya, hao je?" Akaonyesha pazia. Abiria wanne walikuwa wamekaa kwenye magunia ya mchele, wanakula mkate mkavu na kuangalia ukutani. "Wana njaa hao tangu juzi."

Mzee Sultan akawatazama mmoja mmoja.

"Hao si maskini," akasema. "Wana tiketi."

Bi Chausiku akachukua chumvi yake akaondoka. Nyuma yake Mzee Sultan aliwapa wale wanne maharage ya chakula chake mwenyewe, sahani zikazunguka, wakaja na wengine. Walikula wengi kuliko kumi. Lakini hakuwalisha kwa ajili ya kiapo, na kitu kisichonuiwa hakihesabiki.

Mchana mmoja Bi Bahiya aliamka na kandambili ndogo ya plastiki mkononi, kamba imekatika. Tupokigwe alikuwa ameikata akiruka kutoka benchi moja hadi jingine. Behewa ni dogo kwa mtoto anayejifunza kukimbia. Bi Bahiya aliiweka kaunta karibu na mizani, akamtajia mumewe jina la mwenyewe, akaenda kutia udhu.

Aliporudi, mumewe alikuwa amevaa miwani. Alikuwa ametoboa plastiki kwa sindano ya magunia na anapitisha uzi wa nailoni, juu, chini, kwa uangalifu wa mtu anayeshona jeraha. Midomo yake ilikuwa inatembea.

"Tupo," alikuwa anasema. "Tupoki. Tupokwige." Akatikisa kichwa, akarudia. "Tupoki-gwe."

Bi Bahiya akarudi nyuma ya pazia polepole, asimkatize.

Kandambili alipewa abiria wa kwanza aliyeingia, kijana wa Mlimba aliyetaka sigara. "Mpelekee mwenyewe," Mzee Sultan akamwambia.

"Nani, mzee?"

"Kuna mtoto. Behewa la tatu."

"Nimwambie imetoka kwa nani?"

Mzee Sultan akampa sigara. "Mwambie imetoka dukani."

Kesho yake alihamisha kamba ya nguo, akaifunga upande wa pili wa uani, ili nguo zisichuruzikie madirisha ya watu. Saa ya usingizi wa mkewe ilipofika alifunga mlango wa duka nusu, akageuza feni isimwache tena, kisha akarudi kukaa kwenye stuli yake, uso ameuelekeza barabarani. Hakuchungulia uani hata mara moja. Nyuma ya pazia mkewe alicheka usingizini, na kwa mbali, kama kutoka chini ya mto, mtoto naye akacheka.

Bi Bahiya aliamka wakati wa alasiri. Alitoka hadi kaunta, safari hii ametazama kwanza. Hakukuwa na sukari mezani. Mizani ilikuwa tupu na mikono ya mumewe ilikuwa imelala juu ya kaunta bila kazi yoyote.

"Baba Rumaisa," akasema, "nimeota."

Treni ilipumua uani. Mkaguzi alisikika akivaa kofia yake, tayari kwa lile neno moja.

Mzee Sultan alinyoosha mkono, akachukua uzi wa nailoni, akaubana kwa meno.

Bi Bahiya alisubiri kidogo. Kisha akavuta gunia, akakaa, akamsimulia yote: jinsi Rumaisa alivyogawa halua behewa zima, jinsi mkaguzi alivyosinzia na kofia ikamfunika pua, jinsi Tupokigwe alivyokimbia kutoka mlango hadi mlango, watu wakivuta miguu kumpisha. Mzee Sultan alisikiliza mpaka mwisho. Hakupima kitu, na mteja aliyeingia alionyeshwa kwa kidole asubiri.

Simulizi ilipokwisha, akautoa uzi mdomoni.

"Imemkaa mguuni?" akauliza.

"Imemkaa. Anakimbia nayo."

Mzee Sultan akaitikia kwa kichwa, akaurudisha uzi mahali pake.