Chumba Ndani ya Mguu wa Dobi

Dobi wa hospitali aliingia chumba cha altrasaundi saa nne asubuhi, mikono ikinuka sabuni, mguu wa kushoto umevimba hata kiatu hakifungi. Ilikuwa mara ya tatu. Mara mbili za kwanza daktari aliandika: picha haionekani, arudi. Bila picha hakuna cheti, na bila cheti haruhusiwi kufua akiwa ameketi. Shangazi yake alifua katika chumba kile kile cha kufulia kabla yake. Mguu ulimvimba hivyo hivyo, akaja kuokotwa juu ya rundo la mashuka, amekwisha.

"Leo utaonekana tu, dada," mpimaji akamwambia. "Hii mashine kaidi nimeipatia dawa."

Dawa yenyewe haikuwa kubwa. Chupa ya jeli aliiloweka kwenye beseni la maji moto, maana jeli ya baridi huifanya mishipa ijikunyate. Akafunga pazia. Akamkalisha dobi ukingoni mwa kitanda, miguu ining'inie, damu ijae. Kisha akakiweka kichwa cha mashine nyuma ya goti kwa wepesi, kama anayempapasa mtoto aliyelala, kwa kuwa mshipa ukiulalia unapotea.

Ukungu ukatoka kwenye kioo. Mshipa ukaonekana, mweusi, mpana. Mpimaji akaubonyeza. Mshipa mzima ukibonyezwa hufumba kama jicho. Huu ulikataa.

"Kuna kitu kimeuzuia," akasema, akaongeza mwanga.

Kilikuwa chumba. Kilikuwa na makarai mawili, rundo la mashuka, na mlango. Katikati alisimama dobi mwenyewe, mdogo kama punje ya mchele, mikono ameinua kuzuia dari isimwangukie.

"Huyo ni mimi," dobi akasema. "Na lile karai la kushoto linavuja."

"Naliona. Usitikisike."

Akakazia hapo hapo, picha ikazidi kutakata, hata tundu la ufunguo likaonekana.

"Mnafungiwa kwa nje?"

"Kila siku, mpaka jioni. Msimamizi anasema mashuka yana miguu."

"Basi yamekushinda wewe."

Dobi akacheka. Yule wa ndani naye akacheka, mshipa ukatetemeka kidogo.

Daktari akaitwa, akavaa miwani. "Hii sasa ndiyo picha," akasema. Akaandika cheti: afue ameketi, mlango uwe wazi, atembee kila saa. Ikabaki sahihi ya msimamizi.

Msimamizi alikuja na ufunguo wake shingoni. Akaitazama picha kwa muda, kidole kikienda juu ya rundo, shuka moja moja.

"Yametimia," akasema. "Na huyu yuko kazini, amesimama vizuri tu. Kiti cha nini?"

"Lakini bwana, mguu huu hapa umevimba," mpimaji akasema.

"Mimi natazama picha. Si ninyi mliotaka iwe wazi?"

Daktari akatazama picha, akatazama cheti. Akakikunja, akakitia mfukoni.

Mpimaji akaufuta mguu jeli taratibu, hata katikati ya vidole ambako haikufika.

"Pole, dada."

"Nishapoa. Angalau nimeonekana."

Dobi akashuka ngazi akichechemea, msimamizi nyuma yake. Akaingia chumba cha kufulia, akainua shuka la kwanza. Mlango ukafungwa. Kitasa kililia mara mbili: mara moja mlangoni, mara ya pili nyuma ya goti lake.