Ng'ombe wa Mzee Lihanda

Eldoret nzima hapakuwa na mlango ambao ulimi wangu ungebisha usifunguliwe. Karani wa posta, mpishi wa hoteli ya Wazungu, hata mbwa wa Kaburu, wote niliwaongelesha wakalainika. Kwa hiyo babu yangu Lihanda alipofariki, nyanya yangu Kavetsa hakutafuta mjumbe mwingine.

"Wewe mwenye mdomo," aliniambia, amekaa kando ya mwili, "niletee ng'ombe wake wamuage."

Kwetu mzee aliyeishi na ng'ombe hazikwi kabla ng'ombe hao hawajapitishwa uani kwake. Na babu aliishi nao kweli. Alizeeka akiendesha gari la kukokotwa na ng'ombe la Kaburu, mwajiri wake, barabara ya Moiben, na kila ng'ombe alikuwa na jina, tena la Kikaburu.

Shida ni kwamba mji ulikuwa umemhamia. Nyumba yake aliijenga shambani, katikati ya mahindi, na haikusonga. Mwaka mmoja kabla, bwana pima, mpima ardhi wa serikali, akaja na mawe meupe ya mpaka, akayapanda ng'ambo ya nyumba, na babu akaamka mtu wa mjini. Akapewa namba ya nyumba, bomba hakupewa. Mahindi yalibaki pande zote mbili za mawe, yakitikisa vichwa kana kwamba hayajaambiwa. Lakini ng'ombe walikatazwa kuvuka, na kuzika uani pia kukakatazwa. Mchana huo lori la mji lilikuwa linakuja kumchukua babu akazikwe kwenye makaburi ya mji.

Kipyego, mchungaji wa Kaburu, aliwaleta wale wachache waliobaki mpaka kwenye jiwe. Askari wa mji, Walubengo, alikuwa amesimama hapo na rungu lake. Waombolezaji walinifuata nyuma.

"Afande, hawa ni wafiwa," nikasema. "Utafukuza mfiwa?"

"Wako na kipande cha kupitia?"

"Wewe unavaa kipande shingoni, wao wamevaa kengele. Tofauti iko wapi?"

Watu wakacheka. Walubengo mwenyewe akacheka. Akaangalia upande wa mjini, akanisogelea, akasema polepole, "Hata mimi nilizika baba. Wapitishe haraka, bwana mkubwa asikute."

Ningenyamaza hapo, babu angeagwa. Lakini watu walikuwa bado wanacheka, na mimi kicheko cha watu hunilevya kuliko pombe ya busaa.

"Mnaona?" nikapaza sauti. "Juzi tu huyu alikuwa anazoa mavi ya ng'ombe kule Cheptiret! Leo amevaa kofia, lakini ng'ombe wamemtambua!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Walubengo akaiweka kofia yake sawa.

"Rudisha hizo ng'ombe."

"Afande, ni mzaha tu..."

"Kijana, nimesema rudisha."

Waombolezaji wakamzunguka wakimbembeleza. Kipyego akanikaribia. Alifungua kengele shingoni mwa Roiman, ng'ombe wa mbele, akanitia mkononi. "Mpelekee nyanya yako," akasema, akawageuza.

Nilifika nyumbani, lakini mlangoni nilishindwa kuingia. Nikazunguka nyuma. Nyanya, bado amekaa ndani kando ya mwili, alisikia kengele ikilia.

"Wamefika?"

Nilipiga magoti chini ya dirisha, nikatikisa kengele, nikapigapiga udongo kwa viganja kama kwato, nikalia kama ng'ombe.

"Roiman!" Sauti yake ikapasuka. "Karibu, baba. Mwenyewe huyu hapa amelala."

Nikatambaa kando ya ukuta, nikiburuta magoti ili miguu isikike mingi.

"Na Vitboi?"

Nikalia kwa sauti nyembamba zaidi.

"Vitboi, alikuulizia. Alipozidiwa alikuwa anawaita nyote, akidhani mvua imewakuta njiani. Nilimwambia mko zizini, hakuamini." Akalia, nami nikalia huku nje, sijui tena kilio kipi kilikuwa cha ng'ombe. "Sasa anajua mmefika. Na yule mweusi, Swatlandi? Mbona simsikii?"

Nilifungua mdomo. Mbele ya mikono yangu palikuwa na buti mbili. Lori lilikuwa limefika, na Walubengo alikuwa ametangulia kuwaambia wafiwa wajitayarishe. Alinitazama, akaitazama kengele. Hakucheka. Alivua kofia, akainama dirishani.

"Mama," akasema, "ng'ombe hawakuja. Ni mjukuu wako, amepiga magoti hapa nje."