Mtu wa Peke Yake na Kamati ya Watu Kumi

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 12 Machi 1974, saa nne asubuhi, Ndugu Severine, afisa wa elimu ya watu wazima, aliposhuka kwenye pikipiki hapa Ilemela na fomu za kupima tabia zetu waandishi.

Waandishi wenyewe tulikuwa wawili. Mimi Kashindye, darasa la nne, mlinzi wa zamani wa kiwanda cha pamba. Na Obiero, mchuuzi wa samaki aliyehamia kutoka pande za Shirati. Tuliliandikia gazeti la kisomo, lile la kurasa nne walilosomeshwa watu wazima wakishamaliza a-e-i-o-u. Mshahara hakuna. Lakini niliifurahia kazi ile kuliko kazi yoyote niliyowahi kulipwa. Mimi si mtu wa maneno. Nilikuwa napanda jiwe la nyuma ya nyumba, nakipa kijiji mgongo, naandika. Habari alikuwa akiniletea mke wangu Bernadeta. Akitoka kisimani, ndoo iko kichwani na gazeti zima liko mdomoni. Obiero alikuwa mtu mwingine kabisa. Akikaa peke yake anaumwa. Aliandikia kilabuni katikati ya wanywaji, anausoma kila mstari kwa sauti, na wasipoucheka anaufuta.

Severine alikuwa ametoka semina. Kiongozi akitoka semina ni afadhali nzige. Nzige wakishiba huondoka.

Fomu ilikuwa na maswali kumi na mawili. Unapenda kufanya kazi peke yako au na wenzako? Peke yangu, nikajibu. Ukialikwa kwenye sherehe unajisikiaje? Nikaandika: vibaya. Obiero aliomba karatasi ya ziada.

Severine alisoma majibu papo hapo, kalamu nyekundu mkononi.

"Mzee Kashindye, wewe ni mtu wa peke yake."

"Ndiyo, Ndugu."

"Mtu wa peke yake haridhiki na kazi ya uandishi. Semina imethibitisha."

"Mbona mimi nimeridhika?"

"Unadhani umeridhika. Huo ndio ugonjwa wenyewe."

Obiero akacheka. "Na mimi, Ndugu Afisa? Mimi mtu wa watu. Nimepona?"

"Wewe umezidi. Unahitaji utulivu."

Basi tukatibiwa. Obiero alipewa chumba ndani ya ghala la kijiji, mlango ukafungwa kwa nje mpaka saa sita, apate utulivu. Wiki ya pili nilipita pale nikamsikia anayasimulia magunia ya mbolea habari za ugomvi wa mwaloni, kule wanakoshushia samaki, anajibu mwenyewe, anacheka mwenyewe. Wiki ya nne alirudi kwenye samaki wake na hajaandika neno mpaka leo.

Mimi niliundiwa kamati. Watu kumi, na mwenyekiti wao Chenge, katibu wa kijiji, ambaye ndiye pia alikuwa mwalimu wa kisomo. Jumatano kengele ikigongwa, kila mjumbe anakuja na sentensi yake, kama tulivyokwenda kwenye shamba la kijiji kila mmoja na jembe lake. Na kama kwenye shamba la kijiji, wawili walilima, wanane waliegemea mipini.

Nilikuwa nataka kitu kimoja tu kwa gazeti lile. Bernadeta alikuwa amefariki mwezi wa pili mwaka ule, kabla ya fomu, na juu ya jiwe langu nilikuwa nimeandika kurasa sita kueleza alivyokufa. Nilitaka zichapwe kama zilivyo. Alishikwa na tumbo alfajiri. Mganga wa zahanati akasema apelekwe mjini upesi, apasuliwe. Landrova ya zahanati haikuwepo. Ilikuwa inasomba viti kupeleka uwanjani, kuna mgeni wa kupokelewa. Tulingoja mpaka saa nane mchana. Tukampakia kwenye baiskeli. Alikata roho njiani, hata Kirumba mwanzo wa mji hatujafika.

Chenge alizishika zile kurasa kama mtu aliyeshika chura.

"Mzee, hapa umesema gari lilibeba viti."

"Lilibeba viti."

"Viti gani hivyo?"

"Vya mgeni. Ulikaa juu yake wewe, unavizuia visianguke."

Wajumbe wakainama kutazama miguu yao. Mmoja akakohoa, akasema jambo la gari ni zito, tuweke kwamba msiba ulihudhuriwa vizuri. Mwingine akataka Bernadeta aonekane ni hodari wa palizi, maana alikuwa hodari kweli.

"Tuandike gari lilikuwa kazini," Chenge akasema. "Hapo tumedanganya?"

Mtu mwingine angeshinda pale. Obiero angewachekesha mpaka wakasaini kurasa zote sita bila kujua. Mimi watu kumi siwawezi. Nilitazama mkono wa Chenge ukikata, na wakaandika katika daftari lao kwamba nimekubali.

Gazeti likatoka. Mke wangu alikuwa sentensi tano. Bernadeta alikuwa hodari wa palizi. Aliugua ghafla. Gari la zahanati lilikuwa kazini. Wananchi walishirikiana kumzika. Tudumishe ushirikiano. Chini yake: Imeandikwa na Kamati. Severine alikuja na pikipiki yake kunipongeza, akaniuliza kama sasa nimeridhika. Nilipokawia kujibu aliniwekea alama ya ndiyo yeye mwenyewe, nisisumbuke.

Siku walipolisoma darasani nilikwenda nikasimama nje, penye dirisha. Ndani walikuwa kama arobaini. Chenge alimwinua Mama Aluoch, muuza dagaa, mwanamke aliyeanza kusoma akiwa na wajukuu tayari. Alisoma kwa kidole. Be-rna-de-ta. Nilishika ukuta. Akafika sentensi ya tatu, akasimama.

"Endelea, mama," Chenge akasema.

"Mwalimu, si ulitufundisha tukisoma tuulize?"

"Uliza."

"Hili gari lilikuwa kwenye kazi gani?"

Chenge akageuka akafuta ubao, na ubao haukuwa na kitu. Hakuna aliyemsaidia. Nusu ya darasa lile walikuwa wamevikalia viti vile uwanjani siku ile wakipiga makofi.

"Tuendelee na sentensi ya nne," akasema.

"Hii ya tatu sijaielewa. Mimi kichwa kizito, mwalimu, nivumilie."

Darasa likafungwa mapema. Mimi nilikuwa na jibu, tena kurasa sita, lakini si mimi niliyeulizwa. Sasa ni mwaka wa tatu. Chenge amepandishwa cheo, Severine amekwenda semina nyingine, nami jiwe langu nalianikia mihogo. Mama Aluoch hajaacha. Kila mkutano wa hadhara, mgeni akimaliza kuhutubia na kusema maswali yanakaribishwa, yeye hunyoosha mkono na lile gazeti lake lililokunjamana, akasimama, akasoma ile sentensi moja polepole mpaka mwisho, kisha akauliza: kazi gani?