Sauti Moja ya Mzee Masese

Mzee Masese wa Ekerenyo hakutaka sauti nyingi. Alitaka moja tu, ile aliyoipata miaka kumi na minne iliyopita alipozungusha kitufe cha toni kwenye pedali yake, kile kijisanduku cha chuma kinachokanyagwa kwa mguu ili gitaa litoe sauti nyingine. Tangu siku hiyo hakukigusa tena. Lakini kitufe kilikuwa kimechakaa. Mguu ukitikisa kijisanduku, sauti ilikwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga, na Jumapili bintiye alikuwa anaolewa.

Zubair, mwenye duka la vifaa vya umeme mjini Kisii, alimweleza kuwa kipuri cha namna ile kingetoka Nairobi Jumanne, siku mbili baada ya harusi. Mzee akaanza kuifunga pedali kwenye leso yake. Hapo Bitutu, aliyemaliza chuo mwaka jana na ambaye kazi yake dukani ilikuwa kuuza chaja, akasema kwa sauti ndogo kwamba kama mzee hakizungushi kitufe, basi hakihitaji. Unapima pale kiliposimama, kisha mahali pake unaweka rezista mbili, vipande vidogo vinavyozuia umeme kwa kiwango kisichobadilika.

Zubair alicheka. Alisema gari halitolewi usukani kwa sababu barabara imenyooka. Lakini mzee alimtazama msichana, akaiweka pedali mezani, akasema atarudi saa tisa.

Bitutu alifungua kijisanduku, akagusisha mita ya umeme kwenye miguu mitatu ya chuma ya kitufe, akaandika tarakimu. Kisha akayeyusha lehemu iliyokishikilia, akakitoa taratibu na kuunganisha rezista zake. Zubair alichomeka gitaa la duka, akapiga uzi mmoja. Ikatoka sauti nyembamba, ya nzi aliyefungiwa ndani ya kopo.

"Umeimaliza sauti ya mzee wa watu," Zubair alisema, bila kucheka safari hii.

Masikio ya Bitutu yaliwaka moto. Alitamani kurudi kwenye chaja zake. Ndipo alipokumbuka: alipima kitufe kikiwa bado kimelehemiwa, na mita ilisoma pia vitu vingine vyote vilivyoungana nacho. Ni kama kumpima mtoto uzito akiwa mgongoni mwa mama yake.

Alikitazama kitufe mezani. Alikuwa amekitoa bila kukizungusha. Kama shingo ya kitufe, ile inayozungushwa, ingesogea hata kidogo, sauti ya miaka kumi na minne ingekuwa imepotea. Alikishika pembeni kwa vidole viwili, pumzi ameibana, akapima upya. Kutoka mguu wa kati kwenda upande mmoja, mita ilisoma omu elfu sitini na nane. Upande wa pili, elfu thelathini na tatu. Rezista za vipimo hivyo zilikuwa ndani ya droo, hata vumbi hazijafutwa. Akazitoa zile za kwanza, akalehemu hizi.

Saa tisa mzee alikaa kwenye stuli, akakanyaga pedali, akapiga. Muuza viazi wa nje aliacha kupanga mafungu. Mzee akaikanyaga kwa nguvu, mara mbili, mara tatu. Hakuna mkwaruzo. Akafumba macho na kuendelea mpaka mwisho wa wimbo.

"Tumejitahidi, mzee," Zubair alisema.

Bitutu, ambaye wateja walizoea kumwambia aongeze sauti, alisikika mpaka mlangoni.

"Nimeitengeneza mimi, baba. Na mara ya kwanza nilikosea."

Zubair alikuna ndevu, kisha akakubali kwa kichwa.

Mzee Masese alicheka hadi gitaa likatikisika mapajani. "Binti yangu, hata wimbo huu mara ya kwanza niliukosea. Kaa hapo uusikie tena."

Akaupiga tangu mwanzo. Watu walikuwa wamejaa mlangoni, wakiuliza fundi ni nani, na Bitutu alibaki amesimama mbele yao bila kuinamisha macho.