Muhuri wa Mkate wa Carmosina

Donato hakukaa. Alisema suruali yake ina chokaa, hataki kuchafua kiti cha watu, akabaki amesimama kati ya kitanda na jiko lisilo na moto. Saverio Lacava, mwandishi aliyeikimbia Italia ya mafashisti wa mashati meusi miaka mitatu iliyopita, alijua chokaa ni kisingizio. Waashi wa kwao walioko Zurich huja kwake na chokaa yao kila Jumapili, na hukaa.

"Wamemchukua dada yangu," Donato alisema. "Kifungo cha miaka mitano kisiwani."

"Carmosina? Lakini kitabuni nilibadilisha jina lake. Hata la kijiji nilibadilisha."

"Mkate hukuubadilisha, Don Saverio."

Kijijini kwao tanuri ni moja, na kila mama hugonga donge lake la unga kwa muhuri wa mbao kabla halijaokwa, mikate isije ikachanganyika. Katika riwaya yake, mjane anayemficha mtoro ghalani siku kumi na moja ana muhuri wa jogoo asiye na mkia. Ndio muhuri wa Carmosina hasa; aliuandika kwa sababu ulimpendeza. Sababu nyingine hakuwa nayo. Askari walikwenda tanurini siku ya kuoka, wakangoja mikate itoke.

"Hawakumuuliza mtu," Donato alisema. "Miaka mitatu wanamtafuta aliyekuficha, wewe ukawaandikia. Na umeandika vizuri, nasikia."

Akatoa karatasi mfukoni. Mkuu wa polisi alikuwa ameahidi kwamba mwandishi akitia saini kuwa kitabu chote ni uongo aliolipwa kuusema, mwanamke atarudi nyumbani.

Saverio aliisoma mara mbili. "Nikitia saini, nani ataamini tena kwamba wanawafunga watu?"

"Carmosina anaamini. Yuko ndani."

"Na wakichukua saini wasimtoe?"

"Huenda. Polisi ni polisi. Lakini yeye alipokufungulia ghala hakukaa kupiga hesabu kama hizi."

Saverio alijiona mtu duni kabisa. Alikula mkate wa yule mwanamke siku kumi na moja, na akiwa huku, salama, hakuwahi kujiuliza nani atalipia. Akashika kalamu, akainyoosha karatasi mezani. Mkono ukagoma. Ili apate muda akauliza kwa sauti ya chini, "Kule analala wapi?"

"Sakafuni. Mama aliruhusiwa kumwona mara moja. Wanawake ishirini, ndoo moja. Wanafulishwa sare za askari kwa maji ya bahari, viganja vimepasuka hawezi kukunja ngumi. Anakohoa. Alimuuliza Mama kama ulifika salama."

Donato alikuwa akiutazama mkono wa mwandishi. Ulikuwa umeigeuza ile karatasi upande wa nyuma, mahali pasipo na maandishi, na sasa ulikuwa unaandika mbio: wanawake ishirini, ndoo moja, maji ya bahari.