Kiatu cha Mke wa Fundi

Fundi viatu alikuwa na maringo, na tusimlaumu sana, maana mikono yake ilimruhusu. Mteja akidai kiatu kinabana, jibu lilikuwa tayari. "Kamuulize mke wangu. Tangu nimuoe havai kiatu cha mtu mwingine, na hajawahi kulalamika."

Ukutani ilining'inia kalibu ya mkewe, mguu wa mti aliouchonga mwenyewe walipooana, mwembamba, mguu wa msichana. Viatu vyote vya mkewe vilishonewa juu ya mti huo.

Mkewe alikuwa mwalimu, kazi ya kusimama kutwa. Siku hizi akirudi alikaa kizingitini, akavua kiatu cha kulia na kukikung'uta.

"Kuna kokoto humu, Fundi."

Fundi aliingiza mkono mpaka nchani, akapapasa akitafuta kokoto au msumari. Hakukuwa na kitu.

"Basi ni mimi tu," mkewe alisema, akacheka kidogo.

Fundi hakukubali kushindwa na kiatu chake mwenyewe. Alibandika soli laini ndani. Maumivu yakazidi. Akaongeza nyingine, ya ngozi ya kondoo aliyokuwa akiwawekea wateja wakubwa. Sasa Mwalimu akawa anachechemea, vidole viwili vinawaka moto, kisha vinakufa ganzi. Mguu wenyewe haukuvimba wala kuwa na kidonda. Fundi aliutazama mpaka macho yakamuuma, asione pa kushika.

Mwishowe walikwenda hospitali. Daktari, binti wa rika la kitinda mimba wao, aliubana mguu pande zote mbili, akabonyeza katikati ya kidole cha tatu na cha nne. Mwalimu, mtu wa kujikaza kisabuni, alipiga ukelele.

"Hapa pana mshipa wa fahamu," daktari alisema. "Kiatu kikiwa chembamba mbele, mifupa inaubana. Ukibanwa kila siku unakuwa mnene, unahisi umekanyaga kokoto. Viatu hivi ulinunua wapi, mama?"

"Sokoni," Mwalimu alijibu haraka.

"Usivivae tena."

"Ni vyangu," Fundi alisema. "Nimevishona mimi. Nimemwekea na soli laini mbili."

"Ndizo zilizomaliza nafasi kabisa, baba," daktari alisema kwa upole, na upole ule ulimuumiza kuliko kufokewa. Akaeleza: viatu vipana, mguu upumzike, kipande kidogo cha kuinulia nyayo nyuma ya vidole. Ikishindikana, sindano. Sindano nayo ikishindikana, upasuaji.

"Atapona?"

"Mshipa umebanwa miaka mingi. Tutajaribu."

Nje, Fundi alimshika mkewe mkono. "Kwa nini hukuniambia vinakubana?"

"Ningekuambia lini? Kila mteja unamtuma kwangu."

Nyumbani Fundi alipiga magoti, akaupima mguu ule kwa mara ya kwanza tangu harusi. Ulikuwa umeipita kalibu kwa karibu upana wa kidole. Ulikuwa mguu wa mama wa watoto wanne, aliyezeeka mbele ya macho yake, naye fundi mzima asiione habari hiyo. Aliona aibu, akalia, na mkewe akamwacha alie.

Alibandika vipande vya ngozi kwenye kalibu mpaka ikanenepa, akashona viatu vipana, vibaya kama miguu ya bata. Mwalimu alivivaa. Alichomwa sindano. Wiki zilipita.

Asubuhi moja Fundi alimsindikiza mpaka mlangoni.

"Vipi leo?"

"Safi kabisa, Fundi. Hata sihisi kitu."

Aliondoka amenyooka, hachechemei. Fundi alimfuata kwa macho, na moyo ukaanza kumtulia. Alipofika kwenye kona, Mwalimu aliegemea ukuta, akavua kiatu cha kulia, akakipindua na kukikung'uta. Hakikudondoka kitu. Akakikung'uta tena.

Kisha akageuka kutazama nyumbani, na Fundi akarudi haraka nyuma ya mlango ili mkewe asimwone.