Mama Scholastique Hafi Kindu

Nimekufa mara sitini na mbili. Nimekufa Bukavu, Goma na Kisangani, nikafa Kalima mbele ya wachimbaji waliokuwa wakitafuna karanga, na mara zote nimeangukia upande wa kushoto, kwa hiyo goti la kushoto ndilo linaloniamsha kila asubuhi. Kazi yangu ni kumwigiza Mama Scholastique, peke yangu jukwaani, kwa saa moja na robo. Tulipofika Kindu nilikuwa nimemchoka. Nasema wazi, nilikuwa nimemchoka yule mama kama mtu anavyomchoka mgeni asiyeaga.

Asiyemjua nimwambie. Wakati wa vita, waasi walipoushika mji na wapiganaji wa msituni wakauzingira, wakubwa wote wa kata yake walikimbia. Scholastique alikuwa akiuza mchele wa Kibombo sokoni. Watu wakamweka yeye awe burgumestri, yaani mkuu wa kata, mwanamke wa kwanza katika kata ile, bila barua wala muhuri. Mara nne alivuka mto kwa mtumbwi kwenda kuwaomba wale wa msituni waachie mihogo ipite, na mara nne akarudi na mihogo. Mara ya tano hakurudi. Hakuna aliyeuona mwili. Mwandishi wa mchezo, bwana mmoja ambaye hajawahi kuikanyaga Kindu, akaona mwisho wa namna hiyo hauna ladha, akatia chumvi. Akampiga mama risasi ukingoni mwa mto. Ndipo ninapoanguka.

Tulikuwa tuanze saa tisa mchana katika ukumbi wa parokia. Jérôme, mwenzangu anayeshughulika na vyombo vya sauti, alikuwa akigombana na jenereta. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, miguu ndani ya beseni la maji. Akaingia mwanamke wa miaka arobaini na kitu, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, akavua viatu mlangoni ingawa sakafu yenyewe ilikuwa chafu.

"Jambo, mama. Njo miye Émilienne," akasema. "Mutoto wa Scholastique."

Nikatoa miguu majini haraka. Nikamwonyesha kiti, hakukaa.

"Wananiambia kule Kalima ulikufa."

"Nilikufa, dada. Mchezo unaisha hivyo."

"Hapa usikufe."

Akanieleza akiwa amesimama. Kwao hawajakaa matanga, na sasa ni miaka zaidi ya ishirini. Wajomba walitaka kuzika mgomba mahali pa maiti, kama inavyofanywa kwa mtu aliyepotea: mgomba unavishwa kitambaa chake, unaliliwa, unafukiwa, mambo yanakwisha. Mgomba ulikatwa kweli, ukaletwa uani. Émilienne akaukalia. Akaukalia kutwa nzima mpaka wajomba wakachoka wakaenda zao. Tangu hapo ndugu wanamwona mkaidi, na mumewe alishaondoka, maana nani anataka kuishi na mtu anayepika sahani moja ya ziada kila siku?

"Ukikufa pale juu, mbele ya Kindu muzima, itakuwa njo tangazo," akasema. "Watu watatoka hapa, watakuja kwangu kulia. Na miye siko tayari. Nakuomba, mama."

Nilitaka kumwambia kwamba mchezo ni mchezo. Lakini Kindu si Goma. Humo ukumbini mlikuwa na wanawake waliopanda mtumbwi uleule pamoja na mama yake. Tena sitaficha, nililifikiria na goti langu.

"Sitakufa," nikamwambia. "Nitatoka tu."

Jérôme aliposikia alishika kichwa. "Odile, watu watajua aje kama imeisha?"

"Utapiga makofi wewe wa kwanza."

Ukumbi ulijaa. Émilienne alikaa benchi la mbele, kando ya mjomba wake Aboubakar, mzee wa kofia nyeupe, ndiye aliyeukata ule mgomba. Nilianza na sauti ya kuchoka, maneno yakijisemea yenyewe. Nilipofika mahali Scholastique anapowakemea askari sokoni, bibi mmoja akanikatiza kutoka nyuma: "Haikuwa vile. Alikuwa anatukana kwanza." Nikatukana. Ukumbi ukacheka, hata mzee Aboubakar akafunika mdomo. Kwa dakika kumi hivi sikusikia uchovu, nikampenda tena yule mama.

Kisha safari ya tano. Nikakaza kikwembe kiunoni, nikachukua kapu. Hapa ndipo bunduki hulia. Haikulia. Nikashuka jukwaani, nikapita katikati ya mabenchi kuelekea mlangoni, na hakuna aliyepiga makofi. Jérôme alikuwa na viganja hewani, hakuthubutu kuvikutanisha.

"Mama."

Haikuwa sauti kubwa. Aliita kama mtu anavyomwita aliye jikoni. Nikasimama.

"Siku ile pia ulipita vile," Émilienne akasema. "Nilikuwa natwanga majani ya sombe. Ulipita nyuma yangu, sikuinua kichwa. Nilijua utarudi."

Mwandishi hakuniandikia neno la hapo.

"Usiende tena. Rudia huku. Ukufie hapa, nikuone."

Nikageuka. Alikuwa amesimama, ameshika benchi kwa mikono miwili, na uso wake ulinitia hofu. Nikarudi, goti likiuma kila hatua. Sikupanda jukwaani. Nililala palepale sakafuni, miguuni pake, polepole kama mtu mzima anavyolala, nikafumba macho.

Akakaa chini, akaweka kichwa changu mapajani. Mkono wake ulipita kwenye paji la uso, ukashuka, ukanifumba macho yaliyokwisha kufumbwa. Bibi wa nyuma akaanza kulia, wengine wakamfuata, nikasikia wanawake wakiyaacha mabenchi na kukaa sakafuni mmoja baada ya mwingine. Émilienne alilia wa mwisho. Machozi yake yaliniingia sikioni. Mara sitini na mbili nilikuwa sijaliliwa na mtu, na nikaona uchungu kuyapokea machozi yasiyo yangu.

"Mujomba Aboubakar," akasema alipoweza kusema, "mutandike mikeka kule nyumbani. Mama alikufa."

Nilisikia fimbo ya mzee ikienda mlangoni. Kisha Jérôme akainama aniinue, nikamkatalia kwa kidole. Wale watu walikuwa na miaka ishirini ya kulia, na mtoto alikuwa bado amenishika.